Tulivyobeba Sauti ya Kaka Makuru Hadi Mugeta

Ndugu zangu wa sokoni na wenzangu wa kwaya, siku hizi sipiti mahali bila kushikwa mkono. "Mama Neema, ni kweli mliwazibia wakwe njia kwa gari bovu?" Mwingine anasema tuliitisha redio ije harusini. Basi kaeni niwaeleze mara moja, maana kila mmoja wenu amesikia kipande chake. Habari za kutafuta gari na kuomba ruhusa nimeziruka. Naanzia pale tulipowasha gari.

Kutoka Buhare

Kwanza mjue tulikuwa tunapeleka nini. Kaka yangu Makuru ni mfugaji na mkulima wa pamba kule Mugeta. Dume la ng'ombe lilimponda mguu mnadani, ukavunjika, ukaungwa vibaya, mfupa ukaanza kuoza ndani kwa ndani. Akaletwa hospitali hapa Musoma, mimi nikawa mtu wa kumpelekea uji na samaki. Daktari akasema mguu hauponi, utakatwa chini ya goti. Siku aliyoipanga ikaangukia siku ileile binti yake Ester anaagwa nyumbani Mugeta ili kesho yake afunge ndoa Bugwema, kwa kina Masatu, mchumba wake.

Ester hakujua habari ya kukatwa. Yeye anafanyaga kazi Mwanza, na kaka alitukataza wote. "Mwambieni nina kidonda tu," alisema. "Akijua ukweli ataahirisha, atakuja kukaa hapa kunifukuzia nzi." Tukasema kidonda. Sasa, huyu kaka mwanzoni alimkataa Masatu, tena kwa maneno makali, kabla ya kulainika na kupokea ng'ombe wa mahari. Ester aliposikia baba haji kumuaga kwa sababu ya kidonda, akaunganisha mwenyewe. Alinipigia simu, sauti kavu: "Shangazi, baba hataki kuja. Aseme hataki, asisingizie kidonda."

Nilimwambia kaka. Akajiinua kwa kiwiko. Kisha akatoa chini ya mto kile kidude chake, empithrii, kidogo kama kiberiti, ambacho husikilizia mahubiri kwa hedifoni. Kina kitufe cha kurekodi. Akaniomba nitoke nje. Niliporudi macho yake yalikuwa mekundu.

"Mpelekee," akasema. "Waisikie wote, watu wa kwetu na wakwe, kabla hajatoka uani kwangu."

"Kaka, ngoja niihamishie kwenye simu niitume sasa hivi."

"Baraka ya mtoto haitumwi kama vocha. Ibebwe na mtu wa damu yake."

Ndiyo maana asubuhi ile, pale kwetu Buhare, nilikuwa ndani ya gari la jirani yangu Wambura, empithrii nimeifunga kwenye leso na leso nimeiweka kifuani. Gari la Wambura ni dogo la Kijapani, limetumika huko kwao mpaka likachoka ndipo likaja kwetu. Ukiliwasha, mwanamke fulani anasema maneno ya Kijapani kwa upole sana. Wambura amekaa nalo miaka na hajui huyo mama anasema nini.

"Spika zake ni nzuri," aliniambia. "Tukifika tunafungua milango yote minne, tunachomeka hicho kidude kwenye redio, uwanja mzima unasikia."

"Kinachomekwa wapi?"

Akaiangalia redio kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Tundu la waya halikuwapo. Kulikuwa na mahali pa kuingiza sahani za muziki, basi. "Tutauliza Bunda," akasema.

Butiama, na redio za majirani

Wanaoijua njia wataniuliza kwa nini hatukukatiza Butiama kwenda Mugeta moja kwa moja. Keki ya kumuagia Ester tulikuwa tumeiagiza Bunda. Tuliingia Butiama kumchukua dada yetu mkubwa, Nyabise, maana binti haondoki nyumbani bila shangazi mkubwa.

Nilikuwa nimempigia simu jana yake kumweleza. Labda nilisema haraka. Nilisema sauti ya kaka itasikika kwenye redio ya gari. Yeye akasikia kwamba kaka atasikika kwenye redio.

Tulikuta watu wamejaa barazani kwake. Redio mbili zinakoroma juu ya stuli, moja imefungwa betri kwa mpira wa baiskeli. Mzee mmoja jirani alikuwa amevaa koti la kanisani.

"Mmechelewa," dada akatuambia. "Tumesikiliza toka alfajiri. Mpaka sasa ni bei za mahindi tu. Makuru anaingia saa ngapi?"

Nilijaribu kueleza. Nilitoa empithrii kwenye leso, nikawaonyesha. Yule mzee akaigeuzageuza, akaniuliza mtu mzima kama Makuru ameingiaje humo. Watu wakacheka, lakini niliona wamevunjika moyo. Walikuwa wamekuja kumsikia mtu wanayempenda. Dada akaomba wamsikie hata kidogo. Nikampa hedifoni, sikio moja lake, sikio jingine la yule mzee, wakakaa wameinamiana kama watoto wanaoteta. Mimi sikuwa nimeisikiliza, na sikutaka kuisikia kabla ya mwenyewe. Nilimwona tu dada anaacha kutikisa mguu. Kisha akachomoa hedifoni, hakumaliza.

"Twendeni," akasema. "Huyu mtoto akiondoka bila kusikia hii, Makuru atakufa kwa uchungu wa moyo, na lawama utapewa mguu bure."

Lakini kwa dada Nyabise hakuna anayeondoka bila kula. Alisonga ugali wa mtama na muhogo, akatuwekea maziwa ya mgando na samaki furu wa kukaanga niliompelekea mwenyewe juma lililopita. Nikila nilikuwa naliangalia jua. Wambura aliongeza tonge mara ambazo sizisemi. Mwishowe dada alipanda kiti cha nyuma na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Wambura akawasha gari, yule mama wa Kijapani akatoa salamu zake, na dada akamjibu kwa heshima zote, "Aksante mwanangu, hatujambo." Akauliza mbona huyo msichana haonekani.

Bunda, redio inayoishia tisini

Keki tuliipata bila shida. Shida ilikuwa tundu. Tukaelekezwa kwa fundi mmoja wa redio za magari, kijana mnene mwenye bisibisi nyuma ya sikio, anaitwa Manyama. Kibandani kwake waya zinaning'inia kama utumbo wa mbuzi buchani.

Akaingiza kichwa ndani ya gari. "Hii haina tundu la waya," akasema. "Ningekuwa na muda ningeifungua nitoe waya nyuma. Mna haraka?"

"Tuna bibi harusi," dada akasema.

"Basi tumieni kirushio."

Kirushio ni kidude cha kuchomeka pale kwenye tundu la kuwashia sigara. Kina waya unaoingia kwenye tundu la hedifoni la empithrii. Chenyewe kinageuka kituo kidogo cha redio, kinarusha sauti hewani, na redio ya gari inaidaka ukiiweka namba ileile. Manyama akachomeka, kikawaka namba mia na nne. Akazungusha redio yetu kuitafuta mia na nne. Ikafika tisini, ikarudi mwanzo. Akazungusha tena. Tisini, mwanzo.

"Redio za Kijapani zinaishiaga tisini," akasema. "Kwao wanaanzia chini kuliko sisi. Tushuke tukawafuate."

Akaishusha namba ya kirushio kidogo kidogo mpaka themanini na nane na pointi zake. Redio yetu ikatoa mkwaruzo tu. Nikabonyeza kuchezesha, nikasubiri. Mkwaruzo uleule. Redio yetu ilikuwa bado haijafikishwa kwenye namba hiyo.

Jirani yetu pale, hatua chache tu, palikuwa na pikapu imebeba mbuzi, mwenyewe ameegemea mlango anakula sambusa na redio yake inaimba. Mara wimbo ukakatika, na kaka yangu Makuru akasema ndani ya ile pikapu, kwa sauti ya mtu aliyelala:

"Mwanangu, ni mimi baba yako."

Yule mwenye mbuzi akaacha kutafuna. Akaitazama redio. Akavua kofia.

"Mwanangu, nisikilize," kaka akasema.

"Nasikiliza, baba," yule mtu akasema.

Nikabonyeza kuzima kwa haraka. Manyama alikuwa ameketi chini kwa kicheko. Lakini yule mtu hakucheka, na alipokuja kutuuliza nilimwona usoni hana mzaha hata kidogo. Alisema baba yake alifariki mwaka jana na sauti ilifanana. Nikamweleza kila kitu, nikamwomba radhi. Akasema hakuna kosa. Akatununulia soda sote, dada akampa michembe, na tulipokuwa tunaondoka akaja dirishani akasema, "Huyo binti mwambieni amsikilize. Mimi wangu alinipigia simu nikasema nitampigia kesho."



Vumbi la kwenda Mugeta

Kabla hatujaondoka Manyama alikuwa ameturekebishia namba, na kwa mara ya kwanza spika zetu zikatoa sauti. Tulijaribu kwa wimbo mmoja wa kwaya yetu, ule tuliourekodi Pasaka, nao ukajaa gari zima mpaka dada akaanza kupiga makofi. Nikasema moyoni, tumeweza.

Tukaiacha lami. Barabara ile mnaijua, imejaa matuta madogo kama mgongo wa mamba. Gari lilitetemeka, keki ikatetemeka mapajani kwangu, meno yakagongana. Tukakutana na kundi la ng'ombe limejaa njia nzima, na mchungaji wao hakuwa na haraka na mtu. Wambura akapiga honi, ng'ombe wakamwangalia. Dada akashuka, akaongea nao kwa lugha ya nyumbani, wakapisha. Hapo nikampigia nesi wa zamu kuuliza kama kaka ameshaingia chumba cha upasuaji. Simu haikupokelewa. Nikapiga tena. Halafu mtandao ukakata kabisa, nikabaki na simu mkononi kama kipande cha sabuni.

"Ameingia," dada akasema nyuma yangu, bila kuulizwa. "Muda huu ameshaingia."

Mugeta

Tuliwakuta wanaondoka. Sherehe ilikuwa imekwisha, turubai linafunguliwa, sufuria za pilau zinakwanguliwa. Magari matano ya wakwe yalikuwa yamejipanga kuelekea njiani, la mbele limefungwa riboni nyeupe, na Ester alikuwa ndani yake, kioo kimepandishwa. Mama yake, wifi yangu Sabina, akanikimbilia, akaipokea keki.

"Mmechelewa wapi? Nimewazuia mpaka nimeishiwa maneno. Wana safari ya mpaka Bugwema."

"Amesema nini kuhusu baba yake?"

"Hamtaji."

Nikamwambia Wambura afungue milango, achezeshe. Akafungua yote minne. Akaweka namba. Redio ikawaka taa zake zote, ikatulia. Akapandisha sauti mpaka mwisho. Bubu. Akaigonga kwa ngumi. Yale matuta yalikuwa yamechomoa waya wa spika huko ndani, na Manyama yuko Bunda. Magari ya wakwe yakawasha injini.

Sijui niwaambie nilijisikiaje. Niliona kaka yangu amelazwa mahali chini ya taa kubwa, anaamini kwamba muda ule mtoto wake anamsikia. Halafu nikaiona taa ya kirushio. Ilikuwa inawaka. Redio yetu ilikuwa imekufa, lakini kirushio kilikuwa kizima, na kaka alikuwa anaongea hewani pale pale bila mtu wa kumdaka. Nikamkumbuka yule bwana wa mbuzi.

"Wambura! Peleka gari mbele ya bibi harusi. Pua kwa pua!"

Wambura hakuuliza. Gari likaruka kama swala, likasimama mbele ya riboni, vumbi likatufunika sote. Na hapo ndipo ilipotokea hiyo habari mnayoisimulia. Msemaji wa wakwe, mzee mrefu wa Kijita mwenye fimbo, akashuka akiwa amewaka.

"Jamani, mahari tumemaliza! Mmetuzuia mlangoni, tukatoa pesa. Mmetuzuia kwa bibi, tukatoa. Sasa mnatuzuia na gari! Mnataka nini tena?"

"Hatutaki kitu, mzee wangu," nikasema, nimepiga goti palepale vumbini. "Tunataka redio yenu."

"Wanataka redio!" akawageukia wenzake. "Sikieni, sasa wanataka redio!"

Kelele zikapanda pande zote. Vijana wa kwetu nao wakaanza kujibu. Dada Nyabise akapita katikati yao na kikapu chake, akaenda moja kwa moja kwenye kioo cha Ester, akakigonga. Ester hakushusha. Niliona wanja umemchuruzika. Lakini Masatu, aliyekaa kando yake, alishusha cha kwake.

"Shangazi, nini?" akaniuliza.

"Baba yake ameongea. Mwambie dereva aweke themanini na nane pointi tatu. Tafadhali, mwanangu. Ukikuta si kitu tunaondoa gari."

Alimwangalia Ester, kisha akamgusa dereva begani. Dereva akaanza kuzungusha. Mimi nikarudi mbio, nikairudisha sauti ya kaka mwanzo, nikabonyeza.

Nilikuwa nimesimama nje, mkono kwenye boneti. Nilimsikia kupitia dirisha la Masatu.

"Mwanangu, ni mimi baba yako. Mwanangu, nisikilize. Nimelala hapa Musoma, wodi ya wanaume. Wamekuambia nina kidonda. Ni mimi niliyewaambia waseme hivyo, usiwalaumu. Leo daktari anautoa mguu wangu, huu wa kulia. Sikutaka uache harusi yako uje kuniangalia."

Kioo cha Ester kikaanza kushuka.

Mzee mwenye fimbo akaishusha fimbo katikati ya neno. Dereva wa gari la pili akatoa kichwa akauliza namba ngapi, mtu akamwambia, akaweka. Wa tatu naye akasogeza gari karibu, akaweka, na wawili wa mwisho wakafuata. Milango ikafunguliwa. Sauti ya kaka yangu ikawa inatoka kila upande wa ule ua, ikipishana kidogo kidogo, na wale waliokuwa wanakunja turubai wakaliachia chini.

"Nilimkataa Masatu kwa sababu sikuwa namjua, na mtu akiogopa hugeuka mkali. Sasa namkubali, mbele ya ndugu zangu na ndugu zake. Nakupa kwa mikono miwili. Ningekuja, Ester. Ningekuja nikiwa nimebebwa kwenye machela, wamekataa. Ningekuja..."

Na hapo akalia. Kaka yangu, ambaye hata tulipomzika mama hatukuona chozi lake, alilia kwenye magari matano ya wakwe, na hakuna aliyeweza kumzima. Kisha akasema maneno ya baraka kwa lugha yetu, Kiikizu, yale ambayo baba yetu aliyasemaga, akamaliza. Ukabaki mkwaruzo tu.

Ester alifungua mlango akatoka na shela lake. Nilidhani atakuja kwangu. Alikwenda kwa yule mzee mwenye fimbo, akapiga magoti.

"Baba," akamwambia, "nipitisheni Musoma."

Yule mzee akaitazama fimbo yake muda kidogo, kisha akageuka nyuma akapaza sauti. "Tunapitia hospitali. Nani anaongoza?"

"Sisi," Wambura akasema.

Kurudi Musoma

Safari hii ng'ombe walitupisha wenyewe, au labda hawakuwapo, sikumbuki. Nakumbuka Ester alihamia gari letu, akakaa katikati yangu na dada Nyabise, gauni limejaa mpaka dirishani. Aliomba hedifoni. Akasikiliza tena na tena mpaka Bunda, anaegemea bega langu, na kila mara akifika mahali fulani vidole vyake vilikuwa vinanibana. Dada alimlisha michembe mkononi kama mtoto mgonjwa. Tulipotoka Bunda mtandao ukarudi na nesi akapokea: ametoka salama, anaongea, anaulizia uji.

Jua lilikuwa linashuka tulipofika. Saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa imepita na mlinzi akasema haiwezekani. Kisha akaona shela. Akaona na magari mengine yanaingia nyuma yetu. Akamwita nesi, nesi akatazama, akasema wawili tu, na wasikae.

Waliingia Ester na Masatu, mimi nikajificha nyuma ya shela, nesi akajifanya hanioni. Kaka alikuwa amelala chali. Chini ya shuka mguu mmoja ulikwenda mpaka mwisho na mwingine ukaishia njiani. Ester aliangalia pale, akapandisha macho mpaka usoni kwa baba yake.  Alipanda kitandani na gauni lake lote, akalala ubavuni pake, upande ule uliokuwa mtupu, na kaka akaweka mkono juu ya kichwa chake.  Baadaye mgonjwa mmoja wa pembeni, kijana mwenye bandeji kichwani, akajaribu kupiga vigelegele kwa sauti ya kiume, vikamshinda, ndipo watu wakacheka. Kaka akamwita Masatu kwa kidole, akamshika mkono, akaushika mpaka nesi alipowatoa.

Ndoa ilifungwa Bugwema kesho yake, wengine mlikuwapo. Mimi niliikosa kwa sababu nilibaki na kaka. Jioni ile, walipokwisha kuondoka wodini, nilimlisha uji, na katikati ya kijiko akanishika kiwiko.

"Ilisikika vizuri? Haikukatikakatika?"

"Ilisikika kwenye magari yote, kaka. Wakwe wote walisikia."

Akafikiri. "Hata pale nilipolia?"

"Hata pale."

Akavuta shuka akafunika uso. Nikadhani nimemuumiza, nikaweka bakuli chini. Kutoka ndani ya shuka nikamsikia anasema, taratibu:

"Vizuri. Wajue."